KE70, GX100 au Impreza: lipi litamtoa kijana kwenye simu?

Mzee wa Kabureta (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za Jumapili. Naomba ushauri, na tafadhali msiniambie ninunue Toyota IST nitulie. IST ipo, mama watoto anaendea kazini, na tangu ije nyumbani sijapata sababu ya kufungua boneti zaidi ya kumwaga oili.

Mimi ni kijana wa zamani, miaka 54. Sisi gari tulilijua kabla ya kulipanda. Tulikaa ukingoni mwa barabara tukashindana kulitambua kwa mlio: hiyo Peugeot 504, hiyo Land Rover 109, hiyo Bedford ya mzee wa mchanga. Aliyekosea anabeba madaftari ya wenzake mpaka nyumbani. Marehemu baba alikuwa akitusimulia Safari Rally ya enzi zile, ilipokuwa inapita Kenya, Uganda na huku kwetu, na jinsi Bert Shankland, mkazi wa Dar, alivyoichukua 1966 akarudia 1967 na Peugeot 404. Jina la yule bwana lilitajwa nyumbani kwetu kuliko la mchezaji yeyote wa Simba au Yanga. Mimi nilijua kupima nafasi ya platini (kile kikata umeme wa plagi) kwa karatasi ya pakiti ya sigara kabla sijaanza kunyoa ndevu.

Sasa kijana wangu ana miaka 19, kamaliza kidato cha sita, anasubiri chuo. Mtoto msikivu, hana neno. Ila ukimwambia twende tukasafishe kabureta ya jirani, anakuja kama mtu aliyeitwa kwenye kikao cha ukoo. Anashika tochi, mwanga unaelekea kwenye tairi, macho yako kwenye simu. Juzi nikamuuliza, ukipata kazi utanunua gari gani? Kanijibu, "Baba, kwani Bolt zimeisha?" Hata leseni haimuumizi kichwa.

Nina akiba kidogo, nataka gari la Jumamosi, la kufungua na kufunga pamoja naye. Nimeona matatu. La kwanza Corolla KE70, injini 4K ya kabureta, gia za mkono, linatembea lakini sakafu upande wa dereva imeliwa na kutu. La pili Mark II GX100, injini 1G, otomatiki, namba A (usajili wa zamani), bodi safi, ndani pamechoka, mwenye nalo anasema "linakula mafuta kidogo" (tunajua maana yake). La tatu Subaru Impreza lile umbo la GC8, halina tabo (turbo), gia za mkono, liko Arusha.

Lipi litamvuta? Na je, ni wangu tu, au kizazi hiki kimeachana na magari kabisa?

---

Fundi Tosha (Morogoro)

Mkuu, KE70 unalitaka wewe. Usimsingizie mtoto.

Nikuambie ninayoyaona gereji. Zamani vijana walikuwa wanaletwa kwangu na shida. Gari la nyumbani linazima kila wiki, baba kaenda kazini na daladala, mama analalamika, mtoto anaamua kushika bisibisi. Leo hizo IST na Vitz zinaenda mwaka mzima, unabadilisha oili, filta, plagi na brekipadi, basi. Gari haliharibiki, mtoto atajifunzia wapi? Ukifungua boneti ya gari jipya unakuta plastiki jeusi limefunika kila kitu, hata injini huioni. Wewe ulikuwa unaona kabureta, unaona waya wa koili, unaona feni inazunguka. Udadisi wa mtoto unaanzia kwenye macho.

Kwa hiyo siwalaumu. Wanafunzi wangu wa sasa wanakuja kutafuta riziki, si mapenzi. Na wengi wanakimbilia umeme wa gari na kupima kwa mashine, kwa sababu ndiko pesa iliko na mikono haichafuki sana.

Kuhusu KE70: 4K ni injini ya kufundishia hasa. Ina nafasi, mkono unaingia popote, na ukikosea haikufilisi. Vifaa vya kabureta bado vinapatikana. Tatizo ni hiyo sakafu. Kutu la sakafu halikai peke yake. Inua zulia, halafu piga kwa nyundo ndogo kwenye kingo za chini ya milango na pale zinapokaa shokapu za mbele. Ukisikia mlio wa bati bovu, hilo si gari la Jumamosi tena. Ni gari la kuchomelea mwaka mzima, na mwanao hatakaa mwaka akiangalia cheche.

---

Nakuru Boxer (Nakuru)

Mzee, heshima yako. Mimi nina Impreza kwa hivyo mjue naongea na upendeleo.

Hii maneno ya kizazi kuachana na gari mimi siikubali. Njoo Naivasha wakati wa Safari. Nenda zile sehemu za mbio za Sleeping Warrior au Soysambu uone hao vijana wamelala kwenye hema usiku wa baridi ndio wapate mahali pazuri asubuhi. Ni kweli wengine wamefuata nyama choma na mziki. Lakini gari ikipita ikitimua vumbi, uliza yeyote hapo ni ya nani na inaendeshwa na nani, atakujibu bila kufungua simu.

Shida ilikuwa pengo. Safari ilitolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021. Miaka 19, mzee, umri wa kijana wako kabisa! Sisi tulimwona Colin McRae akishinda na Impreza 1997, ndiyo sababu Kenya nzima ikaugua Subaru. Aliyezaliwa baada ya 2002 hakuwa na wa kumtazama mpaka awe mkubwa. Halafu angalia ilivyotokea: kuna dereva wetu anaitwa McRae Kimathi. Hilo jina linakwambia baba yake alikuwa shabiki wa nani. Mwaka 2022 huyo kijana alienda kushindana kwenye theluji ya Uswidi katika ubingwa wa dunia wa vijana. Basi baba anaweza kumwambukiza mtoto, lakini lazima kuwe na kitu cha kuonyesha, si stori tu za 404.

Kitu ingine ni sheria. Kwetu gari iliyozidi miaka minane hairuhusiwi kuingia. Kijana anayetaka GC8 inabidi apate zile ziliingia zamani, zimepita mikono ya watu kumi, zote wamezikimbiza. Nyinyi Bongo bado mnaweza kuagiza za zamani mkilipa ushuru wa uchakavu. Hapo mko na bahati.

Hiyo ya Arusha: ukweli nitakwambia. Injini ya boksa imelala, plagi ziko pembeni kabisa. Kuzibadilisha unatoa betri na tangi la maji ya wiper ndio mkono uingie. Mkanda wa taimingi kama haujulikani ulibadilishwa lini, badilisha siku ya kwanza, kwa sababu kwenye nyingi za hizo injini za EJ ukikatika valvu zinagonga pistoni. Oili huvuja kwenye vifuniko vya valvu. Lakini ukiiwasha, kijana ataweka simu chini. Ule mlio hauna mfano.

---

Mama Wawili (Mwanza)

Samahani naingilia. Petroli yenyewe ghali, na hapa mnachagua kati ya gari la kutu, gari linalokula mafuta na gari linalovuja oili. Bolt ya mtoto inaanza kueleweka.

Na mbona wote ni "kijana" wa kiume? Mimi nilipenda magari kuliko kaka zangu wote. Baba alikuwa ananiambia nikawaangalie wadogo zangu, yeye na kaka wanafungua gia boksi. Leo kaka hajui hata kubadilisha tairi, mimi ndiye napigiwa simu. Huyo mzee wa kabureta hana binti?

---

Mzee wa Kabureta

@Mama Wawili umenipata. Binti yupo, ana miaka 14, na kweli huwa anakuja kusimama mlangoni mwa gereji. Nimelichukua hilo.

---

Abu Salim (Muscat)

Assalaam alaikum jamani. Huku kwetu Oman hakuna kijana aliyeacha magari, tena wamezidi. Njoo Alhamisi jioni kwenye vilima vya mchanga vya Bausher uone Nissan Patrol na Land Cruiser zinavyopanda mchanga. Vijana wa miaka 20 wanajua upepo wa tairi unapunguzwa mpaka ngapi kabla ya kuingia, na wanajua kuvutana wakinasa. Kuna wanaofunga tabo nyumbani kwao.

Lakini tazameni sababu. Mafuta bei nafuu, barabara pana, jua kali hakuna anayetembea kwa miguu, na gari ndilo baraza la vijana. Nilipokuja likizo Unguja mpwa wangu wa umri huohuo aliniuliza bei ya simu yangu, hakuuliza gari gani naendesha. Damu moja, mazingira mbalimbali. Mapenzi ya gari yanafuata pale gari linapokupa uhuru. Pale linapokupa foleni tu, kijana ana haki ya kulikataa.

---

Mswahili wa Leicester

Nakazia hapo kwa Abu Salim. Huku Uingereza kijana wa miaka 18 akinunua gari la kizamani la bei chee, bima ya mwaka wa kwanza inaweza kuzidi bei ya gari lenyewe. Kampuni za bima zinamfungia kisanduku cha kurekodi mwendo, akikata kona kwa fujo wanajua. Hobi gani hiyo ya kuangaliwa?

Marekani ndiko wanakosema vijana walizaliwa na usukani mkononi, lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba mwaka 1983 karibu nusu ya vijana wa miaka 16 walikuwa na leseni, na kufika 2014 ni kama robo tu. Na Japani, zinakotoka hizo Mark II zetu, vijana wa Tokyo wengi hawana habari na gari: treni zipo, maegesho ghali, na ukaguzi wa lazima kila miaka miwili baada ya ile mitatu ya mwanzo unamaliza mfuko. Ndiyo moja ya sababu gari la miaka kumi, zima kabisa, linapakiwa meli likaja Dar. Kijana wa kule amelikataa, kijana wa Kinondoni analililia.

---

Dogo wa Kinondoni

Shikamooni wazee wote. Naomba niseme kwa niaba ya watuhumiwa.

Mzee, na heshima zote: ulipokuwa na miaka 19, ulikuwa unashika spana au tochi? Soma ulichoandika. Mwanao umempa tochi. Mimi pia nimeshika tochi miaka mitatu kwa baba mdogo, kila nikisogea naambiwa "angalia usiguse". Tochi haimfundishi mtu chochote. Mpe spana namba 10, mwambie afungue, atoke jasho, bolti imkatikie mkononi, halafu ndiyo uniambie hapendi magari.

Pili, mnasema hatupendi magari kwa sababu hatupendi yenu. Mtaani kwetu kila mtu anaota Toyota Crown Athlete. Tunajua taa za nyuma za miaka ipi, tunajua rimu za inchi ngapi zinakaa bila kugusa fenda. Jioni tunakutana tunapiga picha na video, wengine wana wafuasi wengi kwa kuchambua magari ya watu. Wapo wanaoendesha kwenye magemu na usukani wa kompyuta, wanazijua kona za viwanja vya Ulaya kuliko mnavyojua za mlima Kitonga. Hamtuoni kwa sababu hatuko chini ya mwembe na rejeta.

Ushauri wangu: acha yote matatu, tafuta Crown.

---

Fundi Tosha

Dogo hoja ya tochi nakupa mia kwa mia. Ya Crown nakunyima yote. Hizo za 2003 mpaka 2008 zenye injini ya 4GR zinapuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo valvu za kuingizia hewa hazioshwi na petroli, zinajaa kaboni. Tamu barabarani, sibishi. Lakini kumfundishia mtu asiyejua plagi inakaa wapi? Utamfundisha kulipa fundi.

---

Bint Gerezani (Dar es Salaam)

Shikamoo Mzee wa Kabureta, shikamoo Fundi. Nina miaka 22, nasoma, jioni nakaa duka la spea la mjomba Gerezani. Nina jambo la kuonyesha maana naona mnabishana juu ya mapenzi bila kuangalia mikono.

Mwezi uliopita IST ya mama iliwasha taa ya cheki injini. Ikiwa imesimama inatetemeka, ukikanyaga mafuta inatulia. Mjomba, wa rika lenu, alikuja na bisibisi ndefu: ncha kwenye injini, mpini sikioni, akasikiliza huku na huku. Akasema, "Kuna hewa inaingia isikotakiwa, ila mlio wa feni unanisumbua." Mimi nina kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, kinaongea na simu kwa bluetooth. Kikanipa P0171, maana yake mchanganyiko ni mwembamba, hewa nyingi kuliko mafuta. Nikafungua ukurasa wa marekebisho ya mafuta: gari likiwa limesimama kompyuta inaongeza mafuta kwa 20 na ushee katika mia. Nikapandisha mzunguko mpaka 2,500, ikashuka chini ya 5. Hapo si pampu ya mafuta wala nozeli, kwa sababu shida ya hizo ingezidi kuonekana injini ikitaka mafuta mengi. Hewa inaiba mahali, na wizi unaonekana zaidi injini inapovuta kidogo.

Mjomba akapuliza spirei ya kusafishia kabureta kidogokidogo kwenye mipira, injini ikiwa inanguruma. Alipofika kwenye mpira mmoja nyuma ya manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa), namba kwenye simu yangu ikaruka, na yeye akasikia injini imebadilika. Tulisema "hapo!" kwa pamoja. Mpira ulikuwa umepasuka upande wa chini, huuoni mpaka uukunje. (Spirei hiyo inashika moto, msiipulize kwenye eksozi ya moto.)

Sasa hiyo ni hobi au si hobi? Kwangu ni ileile ya mjomba. Yeye anasikiliza, mimi nasoma.

Na ndiyo maana mzee, kati ya yale matatu mimi ningechukua GX100. KE70 halina cha kusoma, lote ni la kusikiliza, mwanao atakuwa mgeni kwako mpaka mwisho. Crown ni kinyume chake, utakuwa mgeni wewe. GX100 liko katikati: lina sensa na kompyuta, lakini bado mkono unaingia. Vifaa vya bluetooth vya bei rahisi mara nyingi havielewani na Toyota za Japani za miaka ile, ila kuna njia ya zamani. Ndani ya boneti kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSTIC. Fungua kifuniko, chini yake majina ya matundu yameandikwa. Unaunga TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kupiga stata, halafu unatazama taa ya cheki injini kwenye dashibodi. Inapepesa. Hesabu: mipepeso ya kwanza ni tarakimu ya kwanza, inapumzika, inayofuata ni ya pili. Ikipepesa haraka mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Angalia msikosee tundu, kuna mengine yana umeme wa betri.

---

Nakuru Boxer

Huyu dada apewe maua yake. Bado nasema Impreza, lakini nasema kwa sauti ya chini.

---

Mzee wa Kabureta

Wakuu, mrejesho. Nilisoma hoja ya tochi usiku, sikupata usingizi mzuri. Asubuhi nikamwambia kijana, leo kuna gari tunaenda kulikagua na wewe ndiye utakayelipima, mimi nitashika tochi. Akaniangalia kuona kama natania. Nikamsomea ule ujumbe wa Bint Gerezani. Akauliza, "Yaani taa ndiyo inaongea?" Binti naye akapanda nyuma bila kuulizwa.

Tumeenda kuliona GX100, Tabata. Kijana kakitafuta kiboksi mwenyewe, kaunga waya, mdogo wake yupo kwenye kiti cha dereva anawasha swichi. Taa ikaanza kupepesa. Muuzaji akahesabu akasema 21. Kijana hakuhesabu kabisa. Alirekodi video kwa simu, akairudisha taratibu mbele yetu: miwili, kimya, miwili. 22. Akatafuta hapohapo: sensa ya joto la maji ya injini. Kisha akaanza kumweleza muuzaji kwamba kompyuta ikidhani injini ni baridi muda wote, inamwaga mafuta mengi, kwa hiyo lile "linakula mafuta kidogo" huenda lina jina. Nilikuwa nimenyamaza na tochi yangu. Ile nusu saa kijana ameongea na mimi kuliko mwezi mzima uliopita, ingawa nusu ya maneno alikuwa anamwambia muuzaji apunguze bei.

Muuzaji kapunguza. Sijalipa bado.

---

Mama Wawili

Hongera. Na KE70 umeliacha?

---

Mzee wa Kabureta

Nimempigia mwenye nalo nimwambie asiliuze kabla ya mwisho wa mwezi. Msimwambie mama watoto.

---

Dogo wa Kinondoni

Mzee mgonjwa huyu 😂 Mwanao akichoka na GX100 mwambie anitafute, nina rimu zinazolifaa.

---

Fundi Tosha

Kabla ya kulipa GX100, haya.

Sensa ya joto ni kitu kidogo, msivunje bei kwa hiyo peke yake. Kubwa ni gia boksi. Lipashe injini moto, simama, kanyaga breki, ingiza D kisha R. Likichelewa kushika au likishika kwa kishindo, hapo ndipo pa kushusha bei au kuondoka. Vuta kijiti cha oili ya gia: ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, ondoka. Funua kifuniko cha oili ya injini utazame chini yake, ukiona ute wa rangi ya chai ya maziwa, maji na oili vinakutana. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Asipojua, weka gharama yake kwenye hesabu yako. Mbele sikiliza bushi na boljointi kwenye barabara mbovu, dirisha likiwa wazi na redio imezimwa.

Kijana apige picha namba ya chesisi, mlinganishe na kadi herufi kwa herufi. Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia. Ukiambiwa "ni la marehemu kaka, karatasi zinashughulikiwa", mshukuru, rudini nyumbani, mkalione la Arusha.